Kanuni zilikuwa sahihi: kisa cha John Wesley huko Savannah, 1737

Jumapili ya tarehe 7 Agosti 1737, katika mji mchanga wa Savannah, koloni ya Waingereza ya Georgia, kasisi John Wesley, ambaye baadaye alianzisha Umethodisti, alimnyima Sophia Williamson Ushirika Mtakatifu. Kesho yake ikatoka hati ya kumkamata kasisi. Mume wa Sophia alidai fidia ya pauni 1,000. Baraza la watu 44 likaketi, likaandika mashtaka 10. Mwezi Desemba, kesi ikiwa haijaamuliwa na akiwa amekatazwa kuondoka, Wesley alimaliza sala ya jioni, akangoja maji yafae, akapanda mashua na kuiacha Georgia moja kwa moja.

Watu hupenda kuanza kumsimulia Wesley kutoka mwisho, pale London mwaka 1738 moyo wake ulipopata joto. Kwa anayetaka kujifunza, faida kubwa iko hapa Savannah, maana hapa yupo mtumishi aliyefanya karibu kila kilichotakiwa kwake, na bado mambo yakaharibika mikononi mwake.

Tuanze na haki yake, kwani anayo. Kitabu cha Sala cha Kanisa la Uingereza kilimtaka anayekusudia kushiriki ampe kasisi taarifa mapema, angalau siku iliyotangulia. Sophia hakutoa taarifa hiyo. Kitabu hicho hicho kinamruhusu kasisi kumzuia aliyekosea waziwazi mpaka atubu, na Wesley alikuwa amekwisha kumwonya mwezi Julai, kwa mdomo kisha kwa barua. Alipodaiwa maelezo alitaja vifungu. Mbele ya kamati yoyote ya nidhamu ya kanisa, hata leo, angeweza kujitetea na akasikilizwa.

Sasa upande ambao vifungu haviutaji. Kabla ya kuolewa Sophia aliitwa Hopkey, na alikuwa mpwa wa mke wa Thomas Causton, hakimu mkuu wa mji. Alikuwa akifika kwa Wesley kwa sala na masomo ya Kifaransa. Wesley alimpenda, akashindwa kuamua. Tarehe 4 Machi mwaka ule ule yeye na mwenzake Charles Delamotte waliandika vikaratasi vitatu: oa, usiwaze jambo hili mwaka huu, usiliwaze tena. Wakapiga kura, kikatoka cha tatu. Siku nane baadaye Sophia akaolewa na William Williamson. Kwa hiyo mwezi Agosti aliyekuwa akiukagua usafi wa Sophia ni mwanamume aliyempoteza miezi mitano tu nyuma, na hakuona kwamba jambo hilo peke yake lilitosha kumfanya amwachie mwingine kesi hiyo, au angalau aahirishe.

Rahisi kusema ulikuwa wivu. Lakini wivu hautoshi kueleza, kwa sababu Wesley aliwatendea hivyo hivyo watu ambao hakuwa na kinyongo nao. Mwezi Mei 1736 alikataa kumbatiza mtoto kwa sababu wazazi hawakukubali azamishwe majini, huku kanuni ikisema kuzamisha ndiyo desturi isipokuwa wazazi wathibitishe kuwa mtoto ni dhaifu. Wazazi wakampeleka kwingine. Tena alimnyima Meza ya Bwana Johann Martin Bolzius, mchungaji wa wakimbizi Walutheri kutoka Salzburg, mtu ambaye yeye mwenyewe alimheshimu kwa utauwa wake, kwa kuwa hakuwa amebatizwa na kasisi aliyewekewa mikono na askofu. Miaka mingi baadaye, mwaka 1749, Bolzius alimwandikia barua ya upole, naye Wesley akaichapisha katika shajara yake na kuongeza kwamba tangu wakati ule amechapwa vya kutosha kwa fimbo yake mwenyewe.

Visa vitatu, watu watatu tofauti kabisa, na mwendo mmoja: kanuni inatimia, mtu anapotea. Basi chanzo kinapaswa kutafutwa kabla ya Georgia.

Daftari la Oxford

Wesley alikuwa mwalimu katika Chuo cha Lincoln, Oxford. Mdogo wake Charles alikuwa ameanzisha kikundi kidogo cha wanafunzi, na John aliporudi chuoni mwezi Novemba 1729 akawa kiongozi wake. Wenzao waliwacheka kwa majina mengi, likiwemo lile lililobaki: Wamethodisti. Walifunga Jumatano na Ijumaa mpaka saa tisa alasiri. Kuanzia Agosti 1730 waliwatembelea wafungwa katika ngome ya Oxford, wakawasomesha watoto wa maskini, wakawalipia wadeni waliofungwa kwa madeni madogo. Hakuna la kubeza hapo.

Ila kulikuwa na daftari. Wesley alianza kuandika shajara mwaka 1725, na kufikia 1734 alikuwa ameiboresha ikawa kama leja ya mhasibu: ukurasa mmoja kwa siku, mstari kwa kila saa, safu za alichofanya, alichoazimia na akakivunja, na safu moja ya hali ya moyo wake katika ibada, ikipewa alama kutoka 1 hadi 9. Kila saa. Aliamka saa kumi alfajiri akijua kwamba ifikapo saa kumi na moja atajisahihisha.

Maswali aliyojiuliza yalikuwa ya namna hii: Je, nimesali kwa bidii? Nimetumia sala fupi za kila saa? Baada ya kila furaha nimeshukuru papo hapo? Nimekuwa na ari ya kutenda mema? Ni maswali mazuri, na wengi wetu tungefaidika tukiulizwa nusu yake. Lakini tazama ni nani anayezungumzwa. Kiima ni “mimi” kuanzia juu hadi chini. Mfungwa wa pale ngomeni anaingia kwenye daftari kama tendo jema la saa nane mchana.

Ugonjwa unaonekana wazi zaidi katika barua aliyoandika tarehe 10 Oktoba 1735, siku chache kabla ya kupanda meli. Aliulizwa kwa nini anakwenda Georgia. Alijibu kwamba nia yake kuu ni tumaini la kuokoa nafsi yake mwenyewe, na kwamba anatarajia kujifunza maana halisi ya Injili kwa kuwahubiri wenyeji wa Amerika. Soma tena sentensi hiyo ukiwa mwenyeji wa Amerika. Mmisionari anavuka bahari kuja kwako, na wewe ni dawa yake.

Hapo ndipo tunapoweka kidole. Nidhamu ya Wesley haikuwa kosa. Kosa lilikuwa katika swali ambalo nidhamu ile ilitumwa kulijibu: je, nimekubaliwa? Mtu asiye na uhakika wa kukubaliwa hawezi kumpenda jirani bila hesabu, kwa sababu jirani ni sehemu ya hesabu. Akimsaidia, anapata alama. Akimvumilia mvunja kanuni, anapoteza alama. Ndiyo maana Sophia, Bolzius na yule mtoto wote walikwama mlango ule ule. Kuwaachia kulikuwa kosa lake mwenyewe mbele za Mungu, na kosa jipya hakuweza kulimudu.

Paulo aliliandika hili bila kuzunguka katika 1 Wakorintho 13:3: “Tena nikitoa mali zangu zote kuwalisha maskini, tena nikijitoa mwili wangu niungue moto, kama sina upendo, hainifaidii kitu.” Mtume hasemi matendo hayo hayamfaidii maskini. Maskini amekula. Asiyefaidika ni mtoaji.

Melini

Ratiba ya Wesley na wenzake ndani ya meli ya Simmonds imeandikwa yote. Saa kumi hadi kumi na moja alfajiri, sala ya faragha. Kumi na moja hadi saa moja, kusoma Biblia pamoja. Saa moja kifungua kinywa, saa mbili sala za hadhara. Saa tatu hadi sita, yeye na Kijerumani, Delamotte na Kigiriki, mdogo wake Charles akiandika mahubiri. Saa sita mchana wanakutana kuelezana kila mmoja amefanya nini tangu mkutano uliopita na atafanya nini kabla ya ujao. Hivyo mpaka saa tatu au nne usiku.

Tarehe 25 Januari 1736 dhoruba ikawakuta. Bahari ilipasua tanga kubwa, ikafunika meli, maji yakamiminika kati ya sitaha. Waingereza walipiga mayowe. Wamoravian wa Ujerumani waliokuwa humo, watu 26, walikuwa katikati ya zaburi mwanzoni mwa ibada, wakaendelea kuimba. Baadaye Wesley akamwuliza mmoja wao: hukuogopa? Akajibu, namshukuru Mungu, hapana. Na wanawake na watoto wenu? Hapana, hawaogopi kufa. (Hawa ni Wamoravian wale wale ambao kanisa lao lilipeleka wamisionari Rungwe mwaka 1891, Mbeya na Tabora wanawajua vizuri.)

Siku chache baada ya kutua, kiongozi wao August Spangenberg alimwuliza Wesley kama anamjua Yesu Kristo. Wesley: najua ni Mwokozi wa ulimwengu. Spangenberg: kweli, lakini unajua amekuokoa wewe? Wesley: natumaini alikufa kuniokoa. Akaulizwa tena, unajijua mwenyewe? Akasema ndiyo. Katika shajara akaongeza kwamba anahofu yalikuwa maneno matupu.

Mchunguzi wa kiroho mzuri huuliza hivyo, maswali mafupi, bila kuhubiri. Spangenberg hakumwuliza hata mara moja anaamka saa ngapi.

Kilichobadilika London, na ambacho hakikubadilika

Wesley alirudi Uingereza tarehe 1 Februari 1738. Njiani aliandika kwamba alikwenda Amerika kuwaongoa wenyeji, lakini ni nani atakayemwongoa yeye? Wiki hiyo hiyo ya kufika akakutana na Mmoravian mwingine, kijana Peter Böhler. Machi 5 Wesley alikuwa tayari kuacha kuhubiri kabisa, kwa hoja kwamba hana imani. Böhler akamwambia asiache: ahubiri imani mpaka aipate, kisha kwa sababu anayo, ataihubiri.

Ushauri huu husikika ajabu, na ukitumiwa ovyo huzaa wanafiki. Ulifaa kwa Wesley kwa sababu moja: aliyehubiriwa sasa hakuwa tena chombo cha kujipimia. Wa kwanza kuusikia ujumbe huo alikuwa mfungwa aliyehukumiwa kifo. Mtu huyo hakuwa na muda wa kutengeneza rekodi nzuri. Ama neema ipo kwa ajili yake wiki ile, au haipo. Ukitaka kujua kama injili yako ni ya upendo au ya alama, ipeleke kwa mtu asiye na nafasi ya kufanya lolote.

Tarehe 24 Mei 1738 jioni, Wesley alikwenda bila kupenda kwenye mkutano katika mtaa wa Aldersgate, London. Mtu alikuwa akisoma utangulizi wa Luther kwa Waraka wa Warumi. Yapata saa tatu kasoro robo usiku alihisi moyo wake ukipata joto kwa namna ya ajabu, akaona kwamba anamtumaini Kristo, Kristo peke yake, na kwamba amehakikishiwa dhambi zake, naam zake yeye, zimeondolewa.

Wasimuliaji wengi hukomea hapo. Mstari unaofuata ndio unaofunga kisa cha Savannah: anasema alianza kuwaombea kwa nguvu zake zote wale waliomtendea vibaya zaidi. Hakuwataja majina, ila si vigumu kuwakisia, kesi yake ya pauni 1,000 ikiwa haijafikisha hata mwaka. Kabla ya furaha (maana anakiri furaha haikuja, na usiku ule ule akashambuliwa na wazo kwamba hii haiwezi kuwa imani) kilichokuja kwanza ni sala kwa ajili ya maadui. Mtu aliyekwisha kukubaliwa hana tena haja ya kushinda kesi.

Kisichobadilika ni nidhamu. Aliendelea kuamka saa kumi alfajiri. Aliendelea kufunga. Aliendelea na vikundi vya watu 5 hadi 10 vya kuulizana hali. Lakini linganisha maswali. Katika kanuni za vikundi alizoziandika tarehe 25 Desemba 1738, anayetaka kujiunga anaulizwa: Je, una msamaha wa dhambi zako? Una amani na Mungu? Je, pendo la Mungu limemiminwa moyoni mwako? Kwanza kilichopokelewa, ndipo kilichotendwa. Na maswali hayaulizwi tena chumbani na daftari, yanaulizwa na ndugu aliyeketi mbele yako, ambaye naye ataulizwa. Yohana alilisema kwa ufupi: “Sisi twapenda kwa maana yeye alitupenda sisi kwanza.”

Shimo la upande wa pili

Mwaka 1739 mhubiri Philipp Molther alifika London na kuwafundisha watu wa Fetter Lane, kikundi cha ibada alimokuwamo Wesley, kwamba asiye na imani kamili aache kabisa kusali, kusoma Maandiko na kushiriki Meza ya Bwana. Atulie, angoje. Kufanya lolote ni kutegemea matendo. Wapo walioacha kila kitu, na kikundi kikajaa mabishano kuhusu nani ametulia kweli. Tarehe 20 Julai 1740 Wesley alisoma maelezo mafupi ya kupinga, akatoka na wachache waliomfuata.

Kosa hili ni pacha la lile la kwanza, ingawa linajiita dawa yake. Bado mtu anajikagua yeye mwenyewe, ila sasa anapata alama kwa kutofanya. Kwetu hutokea hivi: dada amechoka na zamu, anasikia mahubiri ya neema, anajitoa kwaya, ushirika wa nyumba kwa nyumba na hata sala ya jioni na watoto, na miezi mitatu baadaye ana hatia mpya ya kutokuwa na bidii. Kupunguza zamu kunaweza kufaa sana, na mchungaji mwenye macho amsaidie kupunguza. Lakini aondoe ile anayoifanya ili aonekane, abakize ile yenye mtu upande wa pili: mgonjwa anayemngoja Alhamisi, jirani anayemfulia.

Mfano bora wa mfumo unaomjali mtu huyo ni Bristol, tarehe 15 Februari 1742. Jumuiya ya Wamethodisti ilikuwa na deni la jengo. Kapteni mmoja mstaafu alipendekeza kila mwanachama atoe peni moja kwa wiki. Mtu akapinga: wengi ni maskini, hawawezi. Kapteni akajibu, niwekeeni mimi kumi na mmoja walio maskini kuliko wote. Nitawatembelea kila wiki, wakishindwa nitawalipia. Wengine wakakubali kufanya vivyo hivyo. Hivyo madarasa ya watu 12 yalizaliwa kutokana na deni. Viongozi walipopita nyumba kwa nyumba kukusanya peni, waliwakuta watu wamelewa, wamegombana na wake zao, wamekata tamaa. Baada ya muda ziara zikageuzwa kuwa mkutano wa kila wiki, kwa kuwa kutembelea kulikula siku na baadhi ya mabwana hawakutaka mtumishi wao atembelewe. Namna hiyo ya kujipanga kwa madarasa ilienea pamoja na Wamethodisti, ambao walifika Ribe, karibu na Mombasa, mwaka 1862.

Angalia kazi ya ile peni. Daftari lipo, jina lipo, kiasi kipo. Ila asiye na peni hafutwi, analipiwa. Kiongozi wa kikundi leo anayetunza orodha ya mahudhurio anaweza kujipima kwa jambo hilo moja: jina likikosa alama wiki mbili, je, anapiga simu kuuliza “kulikoni, mama, uko salama?” au anamsubiri Jumapili amwulize mbele ya wenzake alikuwa wapi?

Alama mpya: “uliokoka saa ngapi?”

Limebaki jambo linalowapata hasa waliolelewa katika uamsho wa Afrika Mashariki. Ushuhuda wenye tarehe na saa unapendwa, na Aldersgate ina vyote, tena na joto la moyo juu yake. Matokeo ni kwamba dawa ya Wesley hugeuzwa kuwa mtihani. Asiyehisi joto anajiona hana lolote, naye hujifunza haraka kusimulia joto.

Wesley mwenyewe hawasaidii wanaotaka hivyo. Tarehe 4 Januari 1739, miezi saba baada ya Aldersgate, aliandika kwamba yeye si Mkristo, akitaja kwamba hana upendo, amani wala furaha ya Roho Mtakatifu. Baada ya hapo aliitaja siku ile ya Mei kwa nadra. Alipochapisha upya shajara yake mwaka 1774, akaweka maelezo mafupi kwenye kauli aliyoiandika aliporudi kutoka Amerika, kwamba hakuwa ameongoka: sina hakika na hili. Akaongeza kwamba hata wakati ule alikuwa na imani ya mtumishi, ingawa si ya mwana. Hiyo ndiyo tofauti ya Warumi 8:15, roho ya utumwa iletayo hofu na roho ya kufanywa wana. Mtumishi wa nyumbani naye yumo nyumbani. Mzee mwenye umri wa miaka 71 alikuwa mpole kwa yule kasisi wa Savannah kuliko kasisi yule alivyokuwa kwa nafsi yake, au kwa Sophia.

Na tarehe 27 Juni 1766 alimwandikia Charles, akitumia hati mkato kwa maneno mazito zaidi, kwamba hampendi Mungu na hajawahi kumpenda. Ana karibu miaka 63, anaongoza maelfu. Huwezi kujua barua hiyo iliandikwa baada ya usiku gani. Linalojulikana ni alichofanya nayo: hakuiandika katika daftari la alama, alimpelekea ndugu yake. Na katika barua hiyo hiyo, bila kubadilisha karatasi, anamhimiza Charles aendelee kuhubiri kila mahali wokovu mkamilifu unaopokelewa sasa, kwa imani tu.

Kwa hiyo kiongozi akijiwa na mtu anayesema “sihisi chochote ninapoomba”, asimpe ratiba kali zaidi, wala asimwulize tarehe yake. Amwulize anachelea nini kitampata asipohisi. Jibu la kawaida, ukilingoja bila kulisaidia, ni kwamba Mungu atamkataa. Hapo ndipo pa kuanzia, na maongezi hayo huchukua majuma kadhaa. Wakati yanaendelea, mpe kazi moja ndogo kwa mtu mmoja asiyeweza kumlipa wala kumsifu, na usimwombe ripoti.